Siku Moja Tabora Mjini



Huenda umewahi kufika Tabora mjini. Labda ulikwenda kumwuguza mgonjwa katika hospitali ya Kitete. Labda ulifuata cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au ulikwenda kupanda gari moshi. Uliteremka stendi, ukafanya shughuli yako, ukarudi kijijini kabla jua halijatua. Watu wengi wa vijiji vyetu wanaujua mji wa Tabora kwa namna hiyo. Wanajua njia ya hospitali na njia ya sokoni. Mji wenyewe hawajautazama.

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kuyazungukia madarasa ya vijiji upande wa Sikonge. Katika darasa moja walianza wanafunzi ishirini na sita, wakabaki tisa. Wengine waliacha kwa sababu ya shamba, wengine kwa sababu ya macho. Wengine walisema waziwazi: "Mwalimu, sasa najua kuandika jina langu. Zaidi ya hapo nitasoma nini? Hapa kijijini hakuna cha kusoma."

Neno hilo lina ukweli. Kijijini pale upo ubao mmoja wa matangazo. Tangazo lililobandikwa lilikuwa la mwaka uliotangulia, na mvua ilikwisha kulifuta nusu.

Basi wale tisa wakashauriana. Wakaamua kwenda Tabora siku moja, siyo kwa shughuli ya hospitali wala ya kesi, bali kutembea na kusoma kila watakachokiona. Saba waliweza kwenda: akina mama watano na wanaume wawili. Ilikuwa mwezi wa saba, msimu wa kurina asali. Mama mmoja akasema tuchukue ndoo moja ya asali tuiuze mjini, ili ilipe nauli. Habari ya ndoo hiyo nitaieleza baadaye, maana ilitupa kazi kuliko tulivyotazamia.

Tuliondoka alfajiri kwa basi la kwanza. Mwezi wa saba asubuhi katika nchi yetu kuna baridi kali, na kila mtu alijifunika khanga au koti. Akina mama walifungasha matobolwa na karanga. Ndoo ya asali ilikaa katikati ya miguu ya mwenye ndoo, naye hakuiacha hata mara moja. Zamani barabara ile ilikuwa ya vumbi na mashimo. Sasa ni lami. Jua lilipochomoza tulikuwa tumekwisha kuingia mjini. Tukaiacha ndoo kwa ndugu wa mmoja wetu, anayekaa jirani na soko, tukaanza kutembea.

Kitu cha kwanza utakachokiona Tabora ni miembe. Ni miti mikubwa, mizee, yenye vivuli vipana, nayo imejipanga kando ya barabara. Wenyeji husema kwamba miembe ya Tabora inatokana na misafara ya zamani: wafanyabiashara waliotoka pwani walikuja nayo, na wapita njia wakatupa kokwa. Mwezi wa saba maembe hayajaiva. Mzee wetu alitazama juu, akasema kwamba tumekuja siku mbaya.

Tulianzia stesheni ya reli. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam. Ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Kwa hiyo Tabora ni njia panda. Mtu wa kutoka Dar es Salaam akifika hapo, anachagua ziwa: Tanganyika au Viktoria. Wanafunzi wangu walisimama wakasoma kila kilichoandikwa. Mama mmoja alisoma "Mwanza" kwa sauti, kisha akacheka peke yake. Dada yake ameolewa Mwanza miaka ishirini sasa, naye hajawahi kuliona neno hilo kwa macho yake. Alikuwa akilisikia tu.

Mzee wetu alikuwa na habari yake. Babu yake alichukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916. Mwaka huo Wabelgiji walikuja kutoka upande wa magharibi, nao waliuteka mji wa Tabora mwezi wa Septemba. Wajerumani walikuwa wamekosa hata sarafu za kulipia mahitaji yao. Walizitengeneza hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli. Nyingine zilikuwa za dhahabu, za rupia 15, zenye picha ya tembo. Leo watu wanaokusanya fedha za kale huzinunua kwa bei kubwa sana.

"Babu hakuiona hiyo ya tembo," alisema mzee. "Aliporudi alikuwa na kovu begani, basi."

Kutoka stesheni tulipita karibu na Boma la Wajerumani. Boma hilo ni mahali pa jeshi. Tulilitazama kwa mbali, hatukupiga picha. Nawe ukifika, fanya hivyo hivyo.

Kabla Wajerumani hawajatawala, nchi hii iliitwa Unyanyembe, nayo ilikuwa na watemi wake. Huenda hujui kwamba hata neno "ikulu" limetoka katika lugha za bara kama Kinyamwezi. Ni makao ya mtemi. Mtemi Isike alitawala Unyanyembe kuanzia mwaka 1876. Alijenga ngome imara, akawapinga Wajerumani walipotaka kuishika njia ya biashara. Walimshambulia mwaka 1892 wakashindwa kumtoa. Mwezi wa Januari 1893 walirudi, wakaivunja ngome yake. Isike alipoona mambo yamekwisha, aliwasha ghala la baruti akiwa humo humo. Upande wa magharibi, Urambo, alikuwako Mtemi Mirambo, aliyekufa mwaka 1884. Huyo aliwasumbua Waarabu wa Tabora miaka mingi kwa sababu njia ya Ujiji ilipita karibu na nchi yake, naye alitaka walipe ushuru. Mimi nadhani alikuwa na haki. Wageni walipita na mali nyingi katika nchi za watu, wakataka kupita bure.

Tulipita pia mbele ya Shule ya Wavulana Tabora. Hapo alisoma Mwalimu Julius Nyerere, kuanzia mwaka 1937 hadi 1942. Baadaye alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, hapa hapa Tabora. Mwezi wa Januari 1958 wanachama wa TANU walifanya mkutano mkubwa katika mji huu. Wakoloni walikuwa wametangaza uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ulitakiwa uwe na elimu ya kiwango fulani, au kipato, au cheo. Wanachama wengi walitaka kuususia uchaguzi huo. Mwalimu Nyerere aliwashawishi waingie, na TANU ikashinda. Wazee waliuita Uamuzi wa Busara.

Nilipoeleza hivyo, yule mama mwenye ndoo aliniuliza: "Yaani mimi nisingepiga kura?"

Nikamjibu: "Mama, wakati ule usingepiga. Hata mama yangu asingepiga."

Hakusema neno. Lakini kutoka hapo alianza kusoma kila kibao cha duka tulilopita, mpaka wenzake wakamwambia atembee haraka.

Saa sita tulikula kwa mama lishe mmoja: ugali, maharage na nsansa. Kisha tukapanda bajaji mbili kwenda Kwihara.

Kwihara iko kama kilomita sita kutoka mjini. Hapo pana nyumba ya tembe ambayo leo ni makumbusho. Kama hujawahi kuona tembe, ni nyumba ya kuta nene za udongo. Paa lake ni la bapa, nalo limejengwa kwa miti na kufunikwa udongo. Katikati kuna ua. Nyumba ya namna hiyo haina joto mchana, wala si rahisi kuichoma moto. Nyumba ya Kwihara ilikuwa ya wafanyabiashara Waarabu, na mlango wake una nakshi kama milango ya pwani. Imekarabatiwa na kujengwa upya sehemu kubwa, lakini mahali ni pale pale.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa, ikaendelea hadi Ujiji. Urefu wake ni kilomita zaidi ya 1,200. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni, wakafika hapa mwezi wa Novemba. Mfanyabiashara Mhindi, watu wakimwita Musa Mzuri, alikuwa amekwisha kukaa hapa kabla yao. Kwa hiyo Tabora ilikuwa na watu wa kila namna tangu zamani: Wanyamwezi, Waarabu, Wahindi, Wamanyema, Waswahili wa pwani.

Nani alibeba mizigo? Wengi walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, sufuria na chakula. Alishuka pwani na pembe za ndovu, akapanda bara na nguo, shanga na waya wa shaba. Wanyamwezi wengi walikwenda kwa hiari yao, kwa ujira, na kijana aliyefika pwani na kurudi aliheshimiwa. Lakini katika njia hiyo hiyo walipitishwa pia watu waliofungwa minyororo, kwenda kuuzwa. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, na ni lazima kuyasema yote mawili.

Tarehe 18 Februari 1872, Stanley na Dkt. Livingstone walifika Kwihara wakitoka Ujiji. Mwezi wa Machi Stanley aliondoka kwenda pwani. Livingstone alibaki, akingoja wapagazi aliotafutiwa Unguja. Aliwangoja mpaka mwezi wa Agosti. Walipofika aliondoka nao, naye hakurudi tena. Alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia.

Hapo mzee wetu aliuliza swali ambalo nilitumaini mtu ataliuliza. "Mwalimu, majina ya Wazungu tumeyasikia. Hao waliobeba je?"

Nilikuwa nimeandika karatasi moja kabla ya safari, kwa herufi kubwa. Nikampa aisome. Alikaa kwenye kizingiti, akavaa miwani, akawasomea wenzake polepole, silabi kwa silabi. Haya ndiyo aliyoyasoma:

"Livingstone alipokufa, watu wake hawakumtupa. Viongozi wao walikuwa Chuma na Susi. Waliukausha mwili wake kwa jua, wakaufunga katika magome ya mti, wakaubeba. Njiani walipita Unyanyembe. Hapo walimkuta Mzungu aitwaye Cameron, akawashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874.

"Mmoja wao aliitwa Jacob Wainwright. Alikuwa Myao. Utotoni alitekwa utumwani, akaokolewa na manowari ya Waingereza, akapelekwa India, akasoma shule huko Nashik. Yeye alijua kusoma na kuandika. Kule Chitambo alichonga jina la marehemu na tarehe kwenye mti. Aliorodhesha vitu vya marehemu ili visipotee. Aliandika habari za safari katika daftari. Alisafiri na mwili mpaka Uingereza, akawa mmoja wa waliolishika jeneza siku ya maziko. Alirudi Afrika. Alifia Urambo mwaka 1892."

Mzee alipomaliza alifuta miwani. Mwanamume mwenzake alisema, "Urambo hii hii?" Nikamwambia ndiyo, Urambo hii ya tumbaku.

Mwenye ndoo aliichukua ile karatasi. Akaweka kidole kwenye neno "aliorodhesha", akauliza maana yake. Nikamwambia: kuandika kitu kimoja kimoja, na idadi yake.

Tulirudi mjini saa tisa. Soko lilikuwa limejaa. Utaona humo mchele, karanga, dagaa wa Kigoma, michembe, uyoga mkavu, na asali katika chupa za kila namna. Asali ya Tabora inajulikana nchi nzima, kwa sababu misitu yetu ya miombo ina maua mengi, na nyuki wetu hawafugwi kwa sukari. Tulichukua ndoo yetu, tukamfuata mwenye duka mmoja anayenunua asali. Alifungua kifuniko, akaonja, akasema ni safi, imechujwa vizuri. Kisha akaiweka juu ya mizani ya saa.

Sasa sikiliza kwa makini, ndugu msomaji.

Kule kijijini kuna mnunuzi anayekuja na pikipiki kila msimu. Simtaji jina. Yeye hununua kwa kilo, lakini hana mizani. Husema: "Ndoo hii ni ya ishirini, kwa hiyo ni kilo ishirini." Watu wamekubali miaka yote, maana hata kwenye ndoo pameandikwa 20.

Mshale wa mizani ulikwenda, ukapita 20, ukapita 25, ukasimama chini kidogo ya 30. Mwenye duka alimimina asali katika pipa lake, akapima ndoo tupu. Ilikuwa kilo moja na ushei. Akasema: "Asali kilo ishirini na nane."

Mama akasema, "Mizani yako mbovu."

Mwenye duka hakukasirika. Alimwonyesha ndoo yenyewe. Pameandikwa 20, kweli, na baada yake pana herufi L. Ni lita ishirini. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lakini asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina kilo moja na gramu mia nne hivi. Zidisha mara ishirini, unapata ishirini na nane.

Yule mama alikaa chini, pale pale kati ya magunia ya karanga. Alitoa daftari lake na kalamu. Msimu ule alikuwa amekwisha kumwuzia mtu wa pikipiki ndoo kumi na moja. Akaandika 8, akaandika 11, akazidisha: kilo 88. Bei ya kijijini ilikuwa shilingi 5,000 kwa kilo. Akazidisha tena. Alikosea mara ya kwanza, akafuta, akarudia. Jibu lilikuwa shilingi 440,000. Akanipa daftari nihakikishe. Jibu lilikuwa sahihi, na nilitamani lisiwe sahihi.

"Hiyo ni bati za nyumba," alisema. Hakulia. Wenzake walianza kuhesabu za kwao, wengine kwa vidole. Kwenye basi la kurudi hakuna aliyezungumza habari za Stanley.

Watu hupenda hadithi ambayo mkosaji anafukuzwa kesho yake na kila mtu anafurahi. Haikuwa hivyo. Wanadarasa walichanga fedha, zikaongezwa na zile za ndoo, wakanunua mizani ya kuning'iniza. Mtu wa pikipiki alipokuja, walipima mbele yake. Alisema hawezi kununua kwa desturi mpya, akaondoka. Wiki tatu asali haikuuzwa. Nyumba moja ilikuwa na mtoto wa kupeleka shule, ikamwuzia kwa siri kwa kipimo kile kile cha zamani. Ukazuka ugomvi kisimani, na mama wawili hawakusalimiana mpaka mavuno. Mimi sikumlaumu yule aliyeuza. Shule haingoji mizani.

Baadaye mwenye duka wa Tabora alituma kijana wake na gari dogo. Alinunua kwa kilo, kwa mizani yao na kwa mizani yake, na zilikubaliana. Bei yake ilikuwa chini kidogo ya ile ya mjini, kwa sababu ya mafuta ya gari. Hata hivyo kila ndoo ilihesabiwa kilo zake zote. Mwezi uliofuata mtu wa pikipiki alirudi. Safari hii alikuja na mizani. Zile shilingi 440,000 hazikurudi.

Darasa sasa lina watu kumi na saba. Waliorudi wengi hawakuja kutafuta hadithi. Wamekuja na stakabadhi za tumbaku, wanataka kujua kila safu inasema nini. Mizani inaning'inia kwenye boriti ya darasa, na chini yake kuna daftari kubwa. Kila ndoo inaandikwa tarehe, jina la mwenye mali, uzito na bei. Anayeandika ni yule mama.

Mzee ameomba kurasa mbili za mwisho za daftari hilo zisiguswe. Anaandika humo majina ya watu wa kijiji waliochukuliwa kubeba mizigo mwaka 1916. Anawauliza wazee wenzake, mmoja mmoja. Mpaka sasa amepata manne. La kwanza ni la babu yake.